Sensa ya oksijeni na mafuta yanayopotea: lawama ipi ni yake, ipi si yake

Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, ikishatangaza bei mpya za mafuta, ushauri wa kubana matumizi huanza kuzunguka kwenye simu za wenye magari Mombasa. Punguza AC, toa mizigo kwenye buti, tia upepo tairi, na siku hizi limeongezeka hili: badilisha sensa ya oksijeni, utaokoa asilimia 40. Hapo ndipo wengi wamechanganyikiwa. Yuko aliyebadilisha akaona nafuu kweli. Yuko aliyebadilisha mbili kwa mpigo na mshale wa mafuta ukaendelea kushuka vile vile. Na yuko fundi atakayekuambia kidude hicho hakina maana, kikatwe waya gari litembee. Wawili wa kwanza wote wanasema kweli, na ukijua sensa hii inafanya nini hutashangaa.

Sensa ya oksijeni ni kifaa kidogo, umbo lake linakaribia plagi, kilichofungwa kwenye bomba la egzosi, ncha yake ikiwa ndani ya moshi na waya zake nje. Kazi yake ni moja tu: kupima oksijeni iliyobaki kwenye moshi baada ya petroli kuungua. Petroli yenyewe haiipimi. Hilo liweke akilini, maana makosa mengi ya gereji yanaanzia kwa kulisahau.

Petroli huungua vizuri ikiwa kila gramu 1 imepata takriban gramu 14.7 za hewa. Petroli ikizidi kipimo hicho, mchanganyiko huitwa mzito. Hewa ikizidi, huitwa mwepesi. Mchanganyiko mzito huacha oksijeni kidogo mno kwenye moshi, mwepesi huacha ya ziada. Sensa ya kawaida ina kauri ya zirkonia ndani yake, inayolinganisha oksijeni ya kwenye bomba na ile ya hewa ya nje, kisha inatoa umeme mdogo: karibu volti 0.9 mchanganyiko ukiwa mzito, karibu 0.1 ukiwa mwepesi. Kompyuta ya injini inasoma volti hizo na kuamua nozeli zimwage petroli kwa muda mrefu zaidi au mfupi zaidi. Inapunguza, inasoma, inaongeza, inasoma tena. Ndiyo maana sensa nzima, injini ikiwa imepata moto, haitulii mahali pamoja. Volti yake hupanda na kushuka muda wote.

Chukua mpishi aliyefunga Ramadhani. Sufuria ya pilau iko jikoni na yeye hawezi kuonja, basi anamwita mtoto ambaye hajaanza kufunga amwonjee. Mtoto akisema haina chumvi, chumvi inaongezwa. Akisema imezidi, mpishi anazuia mkono. Mtoto huyo akiwa ameunguza ulimi kwa chai ya asubuhi, atasema haina chumvi kila atakapoulizwa, na wakati wa futari pilau haitalika. Kompyuta ya gari ndiyo huyo mpishi: imefunga, haionji, na inaongeza au kupunguza kwa neno la mtoto.

Sensa hii si ngeni. Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyoitengeneza, na magari ya kwanza kuuzwa nayo yalikuwa Volvo za soko la Marekani mwaka 1976. Shabaha ilikuwa kupunguza sumu kwenye moshi, kwa sababu katalitiki, ile kopo ya kwenye egzosi inayosafisha moshi, hufanya kazi sawasawa pale tu mchanganyiko unapokaa karibu kabisa na 14.7. Ubanaji wa mafuta ulikuja kama faida ya pembeni. Afrika kusini mwa Sahara tulichelewa kuonja faida hiyo, maana petroli yenye risasi huiua sensa, na petroli hiyo iliondolewa kwetu mwanzoni mwa 2006.

Sasa asilimia 40. Namba hiyo haikutoka hewani. Serikali ya Marekani, kwenye ukurasa wake wa ushauri wa mafuta unaosimamiwa na Wizara ya Nishati na shirika la mazingira, inasema kwamba kurekebisha hitilafu kubwa, kwa mfano sensa ya oksijeni iliyoharibika, kunaweza kuongeza kilomita kwa kila lita hadi asilimia 40. Ushauri huo huo unasema gari lililochoka tu, au lililoshindwa mtihani wa moshi, likirekebishwa hupata wastani wa asilimia 4. Ujumbe wa simu ulichukua ile 40, ukaiacha 4. Isitoshe, kuongeza kilomita kwa asilimia 40 si sawa na kuokoa asilimia 40 ya mafuta. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita likipanda hadi 14, safari ya kilomita 100 inatoka lita 10 hadi lita 7.1. Umeokoa asilimia 29 hivi, na hapo ni kwa gari lililokuwa limeharibika kabisa, linalotoa moshi mweusi na kunuka petroli ukisimama nyuma yake. Gari lako linalotembea vizuri, taa ya injini imezimika, haliko kwenye kundi hilo.

Kuna jambo jingine ujumbe huo unalificha. Sensa haifi kwa njia moja. Inaweza kukwama ikisema mchanganyiko ni mwepesi siku zote, na hapo kompyuta inaongeza petroli isiyohitajika. Huyu ndiye mtoto mwenye ulimi ulioungua, na ndiye anayekula pesa zako. Inaweza kukwama upande wa pili, ikisema mchanganyiko ni mzito, na kompyuta ikapunguza petroli: gari linakosa nguvu, linashtuka ukikanyaga, lakini mafuta hayapotei kwa namna ile. Inaweza pia kuchoka pole pole, ikawa inajibu lakini imechelewa, kama sekunde nzima nyuma ya injini. Hii ya tatu ndiyo ya kawaida kwa gari lenye umri, na hasara yake ni ndogo ndogo, ya kuvuja, isiyowasha taa kwa muda mrefu. Nne, hita ya ndani inaweza kuungua. Sensa haianzi kufanya kazi mpaka ifike nyuzi 300 hivi za Selsiasi, ndiyo sababu za kisasa zina hita yake yenyewe. Hita ikifa, kompyuta hutumia kipimo cha kukadiria mpaka moshi uipashe sensa moto, na mwenye safari fupi fupi, nyumbani Tudor mpaka Makadara na kurudi, anaendesha bila mwonjaji karibu njia nzima.

Umri nao una hesabu yake. Sensa za zamani zisizo na hita zilidumu kilomita 50,000 hadi 80,000. Zenye hita hufika 100,000, na za karibuni hata 160,000. Gari linaloshushwa bandarini kwetu kutoka Japani linaruhusiwa kuwa na umri wa hadi miaka 8. Kwa hivyo Vitz au Fielder nyingi zinafika umri wa kuchoka kwa sensa zikiwa mikononi mwa Mkenya, na wala si ajabu ukisikia habari hizi zaidi hapa kuliko kule zilikotoka.

Hapa ndipo penye pesa nyingi zinazotupwa. Mara kwa mara sensa inalaumiwa ilhali ndiyo pekee inayosema kweli.

Anza na kutu. Hewa ya chumvi ya Pwani inakula chuma, na egzosi ni ya kwanza kuliwa: menifoldi hupasuka, gasketi huachia, bomba hutoboka kwenye kiungo. Tundu likiwa mbele ya sensa, yaani kati ya injini na sensa, moshi unaotoka kwa mapigo huacha nafasi ya hewa ya nje kunyonywa ndani. Sensa inaona oksijeni nyingi na inaripoti hivyo hivyo. Kompyuta inaongeza petroli. Mtoto hapa ulimi wake ni mzima, ila kijiko alichopewa kimetiwa maji. Utabadilisha sensa ya asili kabisa, ya bei ya kuumiza, na kesho itasema maneno yale yale. Kuziba tundu kwa mchomeleaji kungegharimu sehemu ndogo ya hiyo.

Plagi au koili mbovu nayo hufanya vivyo hivyo, na watu hawaamini ukiwaambia. Silinda isipowaka, petroli na hewa yake vyote vinatoka bila kuungua. Sensa haioni petroli, inaona ile oksijeni ambayo haikutumika, basi inasema: mwepesi. Silinda moja imemwaga petroli mbichi kwenye egzosi, na kompyuta inaongeza nyingine kwa zote. Ukiona taa ya injini inapepesa badala ya kuwaka tu, mara nyingi ni hali hii, na ni ya kushughulikiwa siku hiyo kabla katalitiki haijaungua.

Halafu thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Mombasa kuna joto, na kuna mafundi ambao gari likichemka mara moja huing'oa thamostati na kuitupa, wakisema hiyo ni ya nchi za baridi. Mwenye gari anafurahi kuona mshale wa joto uko chini. Kumbe injini haifiki moto inaotakiwa, hasa barabara ikiwa wazi na upepo unapita kwenye rejeta, kama njia ya Mtwapa hadi Kilifi. Kompyuta, ikiona maji bado hayajapata moto, inaendelea kumwaga petroli ya kuamshia injini, kwa muda ambao ilipaswa kuacha. Kwa maoni yangu, thamostati zilizong'olewa zimekunywa mafuta mengi mjini humu kuliko sensa zilizokufa, na rejeta chafu iliyokuwa chanzo cha kuchemka bado iko pale pale.

Swali jingine linalozaa ugomvi: sensa ipi? Gari dogo la silinda nne kwa kawaida lina mbili. Ya kwanza iko kabla ya katalitiki, na ndiyo inayoamua petroli. Ya pili iko baada yake, na kazi yake kubwa ni kuangalia kama katalitiki bado inasafisha. Injini za V6 zina pande mbili, kwa hivyo sensa huwa nne. Anayetafuta nafuu ya mafuta kwa kubadilisha ile ya nyuma hatapata kitu cha maana. Wengi hufika hapo kwa sababu ya P0420, namba ya hitilafu inayosomwa kwenye kompyuta ya gari, ambayo inahusu katalitiki iliyochoka, au ambayo haipo kabisa. Na katalitiki nyingi hazipo: ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei, na gari likilala gereji bila mwenyewe linaweza kurudi na bomba tupu. Wapo wanaoitoa kwa hiari wakiamini gari litapumua na kubana mafuta. Katalitiki iliyoziba kweli hunyonga injini, lakini kutoa iliyo nzima hakukupi kilomita. Kunakupa kelele, harufu, na taa inayowaka.

Tuktuk na bodaboda nyingi za kabureta hazina sensa hii, kwa hivyo anayekuuzia dawa ya sensa ya tuktuk ya kabureta mwache apite. Matatu za dizeli nazo zina hesabu nyingine kabisa, maana dizeli huungua kwenye hewa ya ziada muda wote.

Kuhusu tiba za mtaani, nitapita haraka. Kuisugua sensa kwa brashi ya waya au kuitumbukiza kwenye petroli hakuondoi kilichoiua: risasi, silikoni, majivu ya oili au maji ya rejeta yaliyovuja hadi kwenye moshi. Kuichoma kwa gesi huweza kuondoa masizi na papo hapo kupasua kauri. Kutoa tamino za betri huzima taa na kuifanya kompyuta isahau ilichojifunza. Hitilafu ikiwa bado ipo, taa inarudi baada ya siku chache, na safari hii umepoteza ushahidi ambao fundi angeusoma. Kukata waya ndiko kubaya kuliko yote, kwa sababu kompyuta iliyokosa mwonjaji hurudi kwenye kipimo chake cha tahadhari, ambacho kwa kawaida hutiwa petroli ya ziada ili injini isidhurike.

Basi ukienda gereji, usiseme "nibadilishie sensa." Sema "nipimie." Mashine ndogo za kusoma kompyuta ya gari zimejaa, na hata simu iliyounganishwa na kifaa cha bei nafuu inasoma. Lakini kusoma namba ya hitilafu tu hakutoshi. P0133 inasema sensa ya mbele inajibu polepole, na P0135 inahusu hita yake. Hizo zinaielekea sensa moja kwa moja, ingawa soketi iliyoota kutu ya kijani au waya uliokatika huleta namba hizo hizo. P0171 ni kitu kingine. Inasema mchanganyiko unaonekana mwepesi kuliko kompyuta inavyoweza kusahihisha. Sensa haijakufa hapo, imepiga ripoti. Mwenye kuibadilisha kwa sababu ya P0171 mara nyingi anamfukuza mtoto aliyesema kweli.

Mwambie fundi akuoneshe vitu viwili kwenye skrini injini ikiwa moto. Kwanza volti ya sensa ya mbele, akishika mzunguko wa injini kwenye 2,000 au 2,500 kwa dakika: inatakiwa irukeruke kati ya 0.1 na 0.9 bila kusita. Ikikaa pale pale, au ikitambaa, ina kesi ya kujibu. Pili, asilimia za marekebisho ya mafuta, yaani kompyuta inaongeza au inapunguza kiasi gani kulinganisha na hesabu yake ya msingi. Kati ya hasi 10 na chanya 10 hakuna la kutisha. Ikiwa ni chanya 20 huku plagi ni nyeusi na egzosi inanuka petroli, kompyuta inadanganywa: kagua tundu la egzosi na plagi zisizowaka, kisha sensa. Ikiwa ni chanya 20 na plagi ni safi au nyeupe, injini kweli inakosa petroli au inanyonya hewa mahali, na sensa iachwe. Ikiwa ni hasi sana, kuna petroli inayoingia bila ruhusa, pengine nozeli inayovuja, na sensa inajaribu kukuokolea.

Tahadhari moja kabla hujalinganisha volti. Toyota nyingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 zina, mbele, sensa ya uwiano wa hewa na mafuta badala ya ile ya kawaida. Kwa macho ni pacha, lakini haitoi ile 0.1 hadi 0.9 na haiwezi kubadilishana na nyingine. Fundi asiyejua atasema imekufa kwa sababu haichezi, au atakufungia ya kawaida mahali pake, na hapo ndipo mafuta yatakapoanza kuliwa kweli.

Ndiyo maana unaponunua, chukua namba ya kipuri iliyoandikwa kwenye sensa ya zamani, usitaje tu jina la gari. Denso, NGK kwa jina lake la NTK, na Bosch ndio watengenezaji wakubwa, na boksi zao huigwa. Ya mtumba iliyong'olewa kwenye gari jingine la Japani siipendekezi; unanunua kifaa ambacho tatizo lake ni umri, kikiwa tayari na umri. Zile zinazouzwa bila soketi, za kuunga waya, zinafanya kazi zikifungwa na mtu makini, lakini sensa nyingi huvuta hewa yao ya kulinganishia kupitia ndani ya waya, kwa hivyo kuunga kwa risasi ya kuchomelea au kujaza grisi kwenye soketi kunaiziba pumzi.

Kufunga si kazi kubwa. Nyingi zinatoka kwa spana namba 22, baadhi ya Toyota zina nati mbili pembeni, na kwa kutu yetu ni afadhali injini iwe na vuguvugu na uzi umemwagiwa oili ya kulegeza tangu jana yake. Dawa ya kuzuia kutu ipakwe kwenye uzi pekee, isiguse ncha. Fundi akitaka kupaka silikoni ya kawaida kwenye gasketi karibu na hapo, mzuie. Mvuke wake unaua sensa mpya kabla hujafika nyumbani.

Je, inalipa? Tufanye lita ni shilingi 180, na gari limeshuka kutoka kilomita 12 kwa lita hadi 10 kwa sababu ya sensa iliyothibitishwa kuwa mbovu. Dereva wa teksi anayetembea kilomita 100 kwa siku anapoteza takriban shilingi 300 kila siku, karibu 7,800 kwa siku 26 za kazi. Huyo asingoje. Anayekwenda kilomita 20 kwa siku anapoteza shilingi 60. Anaweza kusubiri mwisho wa mwezi, ingawa asisubiri mwaka, maana petroli ya ziada inaunguza katalitiki na kujichanganya na oili. Anayekaa saa nzima kwenye foleni ya feri ya Likoni injini ikinguruma na AC ikiwaka, naye, anakwenda kilomita sufuri kwa lita, na hakuna sensa itakayombadilishia hesabu hiyo. Vile vile mwenye mguu mzito: ukikanyaga hadi chini, kwa magari mengi kompyuta huacha kumsikiliza mwonjaji na kumwaga petroli ya nguvu.

Baada ya kufunga mpya, futa hitilafu kwenye kompyuta na uache tangi la kwanza lipite bila kulihesabu, kwa kuwa kompyuta inajifunza upya. Kisha jaza hadi pampu ijikate yenyewe, rudisha mita ya safari kwenye sufuri, tembea kama kawaida yako, urudi kituo kile kile na pampu ile ile ujaze tena hadi ijikate. Gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Fanya hivyo kabla ya kubadilisha sensa pia, la sivyo hutakuwa na cha kulinganisha. Ikiwa ulikuwa 10 na sasa ni 11.5, sensa ilikuwa na kosa. Ikiwa ni 10.2, rudi gereji ukaulize habari za thamostati, kisha inua kila gurudumu uone kama linazunguka bila breki kulishika.